Ukuta wa Mayatima

Katika Sura ya Pango, ambayo watoto wa chuoni katika pwani yetu huisikia ikisomwa siku za Ijumaa kabla hawajajua maana yake, mna kisa cha wasafiri wawili waliofika mjini wakiwa na njaa, wakaomba chakula kwa wenyeji wakanyimwa, kisha wakauona ukuta umeinama ukitaka kuanguka. Na mmoja wao, yule mja mwenye elimu ambaye wafasiri humtaja kwa jina la Khidhri, akausimamisha ukuta ule bila ya kudai malipo. Nabii Musa, aliyekuwa mwenzake, aliona kazi ile ilistahiki ujira, na kusema kweli ni vigumu kumlaumu, kwa sababu matumbo yalikuwa matupu na mji ulikuwa umewafanyia ubahili. Jawabu lilikuja baadaye: chini ya ukuta palikuwa na hazina ya mayatima wawili, na ukuta ungaliporomoka kabla hawajabaleghe, mali yao ingalifichuka mikononi mwa watu wasio na haki nayo.

Walimu wengi hukitumia kisa hiki kufundisha subira, nami nilifundishwa hivyo. Lakini miaka hii ya karibuni, kila nikifika penye ukuta ule, fikra yangu huenda kwenye vibali vya ujenzi. Hujiuliza ni haki ya nani inayolindwa mtu anapoambiwa asijenge mpaka aruhusiwe, na kwa nini haki hiyo imekuwa nzito kiasi cha kuweza kuizuia milki ya mtu aliye hai, mwenye hati mkononi, kwa ajili ya watu ambao pengine hawajazaliwa.

Swali hili ni la zamani, na aghalabu huulizwa kwa hasira. Mtu amenunua kiwanja kwa fedha yake ya halali, amejinyima miaka kumi, ameleta mchanga, kokoto, saruji na nondo, na siku anapotaka kuchimba msingi anaambiwa hana ruhusa mpaka michoro yake ipite kwa mpimaji, kwa mhandisi, kwa afisa wa mipango miji, kwa bwana afya na kwa watu wa zimamoto, kila mmoja na meza yake na siku yake ya kutokuwepo. Husema: milki ni yangu, nani tena mwenye haki hapa? Nimelisikia neno hili likitoka vinywani mwa watu wema wasiokosa sala hata moja, wala siwezi kulipuuza, kwani dini yenyewe imeizungushia milki ya mtu ulinzi mkubwa, ikakataza hata shubiri moja ya ardhi isitwaliwe kwa dhuluma.

Walakini nyumba si kanzu. Kanzu iliyoshonwa vibaya humwaibisha aliyeivaa, basi. Nyumba iliyojengwa vibaya huwatia hatarini mwenyewe, mpangaji wake, mgeni aliyekuja kwa siku mbili, muuza kahawa aliyeketi kivulini mwake na mtoto anayepita akienda dukani. Tarehe 29 Machi 2013, iliyokuwa Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka asubuhi kandokando ya msikiti, wakafa watu 36. Na ilipochunguzwa ilibainika kwamba ghorofa zilizopandishwa zilizidi zile zilizoidhinishwa. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo jingine Kariakoo, la ghorofa nne, lenye maduka yaliyokuwa wazi na wateja ndani, na kwa siku kadhaa waokoaji wakawa wanazungumza na watu waliokuwa hai chini ya kifusi. Waliofariki hawakupungua 29. Katika marehemu hao wote, wa 2013 na wa 2024, ni wangapi waliopata kuulizwa kama wameridhia unene wa nguzo? Watu hao ndio wenye haki niliowaulizia hapo juu. Hawakuwapo ofisini michoro ilipopitishwa, na kibali hakina maana nyingine isipokuwa kwamba mtu fulani amewekwa pale awe macho yao.

Wanadamu hawakulifikia wazo hili kwa siku moja. Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala katika karne ya 18 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliandika katika sheria zake kwamba mjenzi ambaye nyumba aliyoijenga imeanguka ikamwua mwenye nyumba, auawe; na ikiwa aliyekufa ni mwana wa mwenye nyumba, basi mwana wa mjenzi ndiye auawe. Nani asiyetetemeka akiisikia hukumu hii, ambayo humwadhibu mtoto kwa taksiri ya baba yake? Aibu yake nyingine haionekani upesi: sheria ile hungoja. Hukaa kimya wakati msingi unapochimbwa, ikaja kufungua kinywa chake baada ya maiti kutolewa. Katika Taurati tunakuta jambo la namna nyingine, kwani mwenye kujenga nyumba mpya ameamriwa azungushie dari yake ukingo, asije akaiingiza damu nyumbani mwake mtu akidondoka kutoka juu. Hapa hakuna aliyekufa bado, wala hakuna wa kulipiwa kisasi. Mwenye kuogopewa ni mtu asiyejulikana jina, ambaye huenda akapanda dari usiku mmoja, na kwa ajili ya huyo huenda-akapanda mwenye nyumba anatoa gharama leo. Sijui kama kuna hatua iliyo kubwa kuliko hii katika tarehe ya sheria za ujenzi, maana haki iliondolewa makaburini ikapelekwa kwenye msingi.

Wanazuoni wa Kiislamu waliijenga njia yao juu ya kaida inayokataza madhara, ya kuanza na ya kulipiza, na Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, akaeleza kwa urefu kazi ya muhtasibu, yule mwangalizi wa soko na njia ambaye miongoni mwa mambo yake ni majengo yanayoingilia njia za watu. Tunis katika karne ya 14 aliishi mjenzi, Ibn al-Rami, ambaye makadhi walimtuma akatazame kuta zilizogombaniwa, naye akatunga kitabu kizima mintarafu ya hukumu za majengo: ukuta wa shirika, dirisha linalochungulia ua wa jirani, moshi wa tanuri, maji machafu na mapito yake. Napenda kumfikiria mtu yule, vidole vyake vikiwa na chokaa, akirudi mbele ya kadhi kusema nimeona hivi na hivi. Kadhi alikuwa na elimu ya sheria lakini hakuwa na macho ya kuujua ukuta, na fundi alikuwa na macho. Hukumu haikuweza kusimama mpaka viwili hivyo vikutane.

Neno ninalolitaka ni hilo: nimeona. Sahihi ya mkaguzi juu ya karatasi ya ukaguzi ni shahada, haina tofauti na shahada itolewayo mbele ya kadhi juu ya deni au ndoa, na mwenye kutia sahihi juu ya nguzo asiyoiona ametoa shahada ya uongo, hata kama nguzo yenyewe imetokea kuwa nzima. Watu wetu huyatenga mambo haya. Mtu atakataa katakata kumshuhudia jirani yake uongo katika kesi ya mirathi, akasema anaogopa moto. Kisha mtu yule yule, akiwa ofisini, atatia muhuri mafaili kumi bila ya kufunga safari hata moja, na usiku akalala. Ningependa kujua nani aliyemfundisha kwamba Mwenyezi Mungu husikiliza mahakamani tu.

Nami sisemi haya kama mtu aliye mbali. Nilipojenga banda la uani miaka mingi iliyopita, katika mji ambao sina haja ya kuutaja, afisa aliyekuja kukagua hakushuka garini. Karatasi ilitiwa sahihi juu ya boneti, injini ikiunguruma, akaniuliza habari za nyumbani, akaondoka. Nilifurahi siku ile, kwa kuwa nilipunguziwa udhia. Ilinichukua muda kufahamu kwamba tulishiriki, mimi na yeye, katika kumdhulumu mtu wa tatu ambaye hakuwapo.

Jambo la namna nyingine nililishuhudia Tanga, dada yangu alipokuwa akijenga nyumba ya ghorofa moja. Siku ya kumwaga zege la nguzo mashine ya kuchanganyia ilikuwa imekwisha kodiwa, vibarua kumi na wawili wamekaa juu ya mifuko ya saruji, mirunda imesimamishwa, maji yamejazwa mapipani. Na hapo ndipo alipoingia mhandisi kijana, binti mwenye hijabu na buti zilizomzidi miguu, ameshika futi ya chuma na mchoro uliokunjwa mara nne. Alianza kwa fundi mkuu, mzee wa makamo ya baba yake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kazini.”

Alipima nguzo moja baada ya moja. Mchoro ulitaka ringi za nondo zifungwe kila baada ya sentimita 15, na penye macho zilikuwa hivyo. Katika nguzo ya tatu kutoka pembeni, ile ya upande wa baraza, mbao za chini zilikuwa zimekwisha pigiliwa, na ndani hapaonekani kitu. Alipiga goti, akawasha taa ya simu, akaiingiza penye uwazi wa ubao, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia.

“Mzee wangu, uniwie radhi. Naomba ubao huu ufunguliwe.”

“Mwanangu, mimi najenga tangu wewe hujazaliwa.”

“Najua, mzee. Ndiyo sababu nakuomba, sikuamuru.”

Ubao ulifunguliwa. Ringi za chini zilikuwa zimeachana sentimita 30. Kijana wa kufunga nondo alikuwa ameishiwa ringi jioni ya jana, akaona aibu kusema, akazitawanya chache zilizobaki mahali ambapo jicho halitafika. Mzee fundi hakusema neno. Alimtazama yule kijana, kisha akachukua koleo na waya wa kufungia akaketi mwenyewe chini kuifanya kazi. Zege lilimwagwa alasiri badala ya asubuhi, na dada yangu akalipa mashine na vibarua kwa saa ambazo hawakufanya kitu, akanung'unika, nami nilikuwa upande wake. Binti yule alingoja juani mpaka ringi ya mwisho, akazipima upya, akachora alama ndogo kwa penseli nyekundu juu ya ubao ulipopigiliwa tena, ndipo akatia sahihi.

Nguzo hubanwa katika ncha zake, chini na juu, kuliko katikati, na ringi ndizo zinazozizuia nondo zile za wima zisifunguke kama kuti likichanika wakati uzito unapozidi. Huo ndio ufafanuzi alioutoa kwa vibarua waliomwuliza. Zege likishaganda hakuna awezaye kuiona kasoro ile. Inalala humo, imefunikwa lipu na rangi, mpaka ije siku yake. Hili ndilo linalonirudisha kwa Khidhri, ambaye kazi yake yote ilikuwa katika kisichoonekana, naye akaifanya katika mji usiomshukuru.

Hapa panahitaji insafu. Khidhri hakutwaa ujira, lakini haifai kumtaka afisa wa halmashauri awe Khidhri. Ana watoto wa kulisha, ana pikipiki isiyo na mafuta, ana kata nzima ya kuzunguka peke yake. Serikali imlipe, impe chombo cha kumfikisha, ndipo imhukumu. Na mwenye kujenga, ambaye hulia kwamba maofisa hula hongo, ajiulize nani aliyeitia bahasha ile mfukoni, na kwa ajili ya nini. Maana kuna anayetoa kwa kuwa haki yake imecheleweshwa miezi sita, huyo amedhulumiwa, na kuna anayetoa ili ghorofa zake ziongezeke, huyo ni muuaji aliyelipa kabla.

Kuna dhuluma nyingine iliyo ngumu zaidi. Sheria ambayo maskini hawezi kuitii humfanya kila maskini kuwa mkosaji, na wengi wa wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika mitaa iliyoota bila ya ramani, ambamo kibali hakikuombwa kwa sababu hapakuwa na kiwanja kilichopimwa wala fedha ya kumlipa mchoraji. Katika bonde la Msimbazi, mwishoni mwa mwaka 2015, nyumba nyingi zilipigwa alama ya X nyekundu kisha zikabomolewa, na bonde lile kweli ni njia ya mafuriko. Walakini watu walikuwa wamekaa humo miaka na miaka, na dola iliwajua. Alama iliyokuja baada ya watoto kuzaliwa na kukulia ndani ya nyumba ni kama sheria ya Hammurabi, imengoja mno. Nairobi nako tumeona alama zisizofuatwa na tendo. Jengo la Huruma lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, likaua watu wapatao 50, lilikuwa limekwisha hukumiwa kwamba halifai kukaliwa, wala wapangaji hawakuondolewa. Walibaki kwa kuwa kodi yake ndiyo waliyoimudu. Baada ya siku nne alitolewa kifusini mtoto mchanga, hai. Dola iliyojua na isitende, je, ina udhuru gani mbele ya mtoto yule?

Katika zama zetu jirani ameongezeka. Zamani madhara ya nyumba yalifika umbali wa ukuta, au wa moshi, na mji kama Lamu uliyatatua kwa adabu zake: milango isitazamane, ua usichunguliwe, wikio lipite juu ya njia ili wanawake wa nyumba mbili wazuriane kwa stara. Upana wa chumba uliamuliwa na mti, kwani boriti ya mkoko haifiki mbali, ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Kuta nene za mawe na chokaa ziliikinga nyumba na joto la mchana, na njia nyembamba ikatoa kivuli. Sitaki kuwatukuza wazee kupita kiasi, kwa kuwa tanuri za chokaa zilikula miti mingi. Hata hivyo kulikuwa na mpaka, nao uliwekwa na vitu vyenyewe. Sisi tumeondoa mpaka: saruji pekee, kwa kuchomwa mawe ya chokaa na makaa, yakadiriwa kutoa takriban asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa yote itolewayo na wanadamu, na tumesimamisha minara ya vioo mbele ya jua la Dar es Salaam, kisha tukaifungia viyoyozi vya mchana kutwa ili tuweze kukaa ndani yake.

Ndipo zikaja programu za majengo ya kijani. Ile iitwayo EDGE, ya shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia, ilianza kwa kumtaka mjenzi apunguze walau asilimia 20 katika nishati, asilimia 20 katika maji, na asilimia 20 katika nishati iliyotumika kuvitengeneza vifaa vyenyewe, ikilinganishwa na jengo la kawaida la mahali pale. Gigiri, Nairobi, Umoja wa Mataifa ulifungua mwaka 2011 ofisi ambazo paa lake limetandazwa paneli za jua. Na mwaka uliofuata Kenya ikatoa kanuni zilizowataka wenye majengo yatumiayo zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku waweke vipasha maji vya jua. Nayasifu haya. Hofu yangu ni riyaa, maradhi ambayo wanazuoni wameyaogopa kuliko madhambi ya wazi, kwa sababu huingia ndani ya tendo jema na kulila. Cheti kinachoning'inizwa ukumbini, penye marumaru na chemchemi ya mapambo, kinaweza kumfanya mtu aone amemaliza, ilhali mafuriko ya mtaa wa jirani yameanzia katika ua wake aliousakafia wote. Katika vyeti hivi sipendi kuuliza ni vingapi vimetolewa. Hupenda kuuliza ni nani aliyekuja kupima mita ya maji mwaka wa pili, wakati wapiga picha walipokwisha kwenda zao.

Mji wa Unguja hunywa maji ya chini ya ardhi, ya visima na ya chemchemi za Mtoni na Bububu, yaliyochujwa na udongo na mawe ya matumbawe mvua ilipozama. Na kadiri mji unavyopanuka ndivyo nyumba, mashimo ya vyoo na sakafu za saruji zinavyosogea juu ya ardhi ile ile inayotakiwa kuipokea mvua. Nilipolitambua jambo hili nilikaa kimya, kwa kuwa kisa kilikuwa kimenifikia katika herufi zake: chini ya ukuta kweli pana hazina, na wenyewe hawajabaleghe. Afisa anayekataa kibali katika eneo la chemchemi, ambaye mwenye kiwanja anamwona adui wa maendeleo, ameusimamisha ukuta wa mayatima asiowajua. Na anayeidhinisha kwa bahasha ameichimba hazina yao akaigawa.

Mwaka jana nilikwenda Tanga kumjulia hali dada yangu. Nyumba imepakwa rangi ya maziwa, ghorofani wamepanga walimu wawili, na jioni watoto wa mtaa huketi barazani wakijisomea, mgongo wa mmoja wao umeegemea nguzo ya tatu kutoka pembeni. Nilipozunguka uani kunawa miguu niliona mlango wa banda la kuku umetengenezwa kwa mbao za zege zilizosalia, na katika ubao wa kati, chini ya madoa ya saruji, bado ilikuwapo alama ndogo ya penseli nyekundu.